Kabla ya Kununua Wavu, Pima Jicho Mwenyewe

Mvuvi wa Ziwa Victoria anaponunua wavu hubeba pia wajibu wa kisheria. Ukikutwa ziwani ukiwa na macho madogo kuliko yanayoruhusiwa, atakayeulizwa kwanza ni mwenye mtumbwi, naye muuzaji atakuwa dukani kwake. Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi asitosheke na lebo.

Jicho la wavu hupimwa likiwa limenyooshwa, kutoka fundo moja hadi fundo lililo mkabala nalo. Halipimwi kwa upande wake mmoja. Wavu wa inchi 5 una upande wa inchi 2 na nusu tu, na ugomvi mwingi wa dukani huanzia hapo. Njia ya uhakika ni kuhesabu macho kumi yanayofuatana, kuyavuta yakaze, kisha kuyapima kwa pamoja: wavu wa inchi 5 utoe takriban sentimita 127. Rudia zoezi hilo katika sehemu mbili au tatu, kwa maana sehemu ya juu ya robota haishuhudii ya ndani. Muuzaji anayekataa robota lisifunguliwe amekwisha kujibu swali lako.

Tazama pia uzi. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, unaong'aa mithili ya kioo, zimepigwa marufuku nchini Tanzania, hata kama macho yake ni makubwa. Uzi halali husokotwa kwa nyuzi nyembamba nyingi. Ufumue kidogo kwenye ncha nawe utaziona. Kipimo cha chini cha jicho hutegemea samaki anayevuliwa, nacho si kimoja katika nchi zote tatu zinazopakana na ziwa. Kithibitishe kwa ofisa uvuvi wa eneo lako kabla ya kulipa, kisha dai stakabadhi inayotaja ukubwa wa jicho na aina ya uzi. Stakabadhi iliyoandikwa “wavu” pekee haitakusaidia kudai fedha zako.

Anayevua kwa mshipi ana mambo machache zaidi ya kuangalia: ndoano isiyo na kutu, chubwi, na chambo hai. Kwa sangara, vifaranga vya kambale hupendwa kwa kuwa huvumilia ndoano muda mrefu. Ndoano kubwa huwaacha wachanga, jambo lenye maana kwa samaki huyu ambaye jike hukomaa akiwa mkubwa kuliko dume.

Kuhusu kokoro, mara nyingi tunaulizwa kwa nini linakatazwa hata likiwa na macho mapana. Sababu iko chini ya maji. Dume la sato huchimba kiota katika mchanga wa maji mafupi. Jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe. Kokoro hukokotwa juu ya viota hivyo hivyo, na jike aliyenaswa hutema mayai yake ufukweni.