Mlango Ukishafungwa: Idhini ya Kurekebisha Programu Katika Kipindi cha Ugandishaji

Abiria wa gari la moshi la Madaraka Express, lililoanza safari zake kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, akifika stesheni ya Voi na kukuta milango imekwisha kufungwa, huachwa. Lakini fundi akigundua kwamba breki haishiki, gari haliondoki, hata kama saa imepita. Tofauti baina ya abiria huyo na fundi huyu ndiyo msingi wa makala haya.

Programu kubwa za kompyuta hutolewa kwa matoleo, mithili ya vitabu. Majuma kadhaa kabla ya toleo jipya, watengenezaji huafikiana kwamba mabadiliko yakome, kazi ibaki kujaribu kilichopo. Istilahi yao yatokana na dhana ya kuganda, na hapa itatumika ugandishaji, ingawa kwa mkazi wa Voi, ambako joto halimpi mtu nafasi ya kufikiria barafu, kufunga mlango kungeeleweka upesi zaidi. Sababu ya kufunga ni kwamba kila rekebisho, hata lenye nia njema, laweza kuzaa kasoro nyingine, na muda wa kuigundua hiyo ya pili haupo tena.

Mfano mzuri ni mfumo huria wa Debian. Toleo lake la 12 lilitoka tarehe 10 Juni 2023, lakini mlango ulianza kurudishwa mapema: tarehe 12 Januari mabadiliko makubwa yanayogusa vifurushi vingi yalizuiwa, masharti yakakazwa Februari na tena Machi, kuanzia tarehe 24 Mei kila badiliko lilihitaji idhini. Mwombaji huwaandikia wasimamizi wa toleo, akieleza kasoro na madhara yake kwa mtumiaji, na kuambatisha tofauti kati ya msimbo wa awali na mpya, mstari kwa mstari. Wasimamizi hawaulizi tu iwapo kasoro ni kubwa, bali pia iwapo rekebisho ni dogo. Anayechomeka pambo jipya ndani ya ombi la kuziba tundu aghalabu hukataliwa, na ni haki akataliwe.

Suala hili lamgusa mwanafunzi wa Kiswahili kuliko anavyodhani. Katika mradi wa GNOME upo ugandishaji wa maneno yenyewe yanayoonekana kwenye skrini, uliowekwa kwa ajili ya wafasiri. Anayetaka kugusa sentensi moja ya Kiingereza baada ya hapo sharti apate idhini mbili za waratibu wa tafsiri. Ukali huo una maana. Tafsiri hufungamanishwa na sentensi asilia neno kwa neno. Asilia ikibadilika, hata kwa nukta moja, tafsiri huachwa mpaka mfasiri aithibitishe upya, na mtumiaji huona Kiingereza. Hivyo basi, mtengenezaji anayesahihisha tahajia ya lugha yake siku ya mwisho huenda anamfutia msomaji wa Kiswahili sentensi nzima. Lugha zenye wafasiri wengi huziba pengo hilo kwa siku moja. Kiswahili, chenye wafasiri wachache wa kujitolea, hubaki na kiraka.

Kwa upande mwingine, yapo makosa ya Kiswahili yanayostahili kufunguliwa mlango. Mathalani, kitufe kilichokusudiwa kusomeka "Fuata" kikiandikwa "Futa", upungufu ni wa herufi moja tu, lakini mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta anayekibonyeza akidhani anaendelea na tasnifu yake hatakubali kwamba hilo ni kosa la tahajia. Msimamizi asiyejua Kiswahili naye hawezi kuliona hilo kwa macho. Ni juu ya mfasiri kueleza athari badala ya kulalamikia sarufi: kwamba neno lililopo lamwamuru mtumiaji kuangamiza kazi yake. Hapa elimu ya semantiki, inayofundishwa madarasani kana kwamba haina soko, yapata kazi.

Ombi likikataliwa, rekebisho husubiri toleo dogo la marekebisho. Kwa Debian 12, la kwanza lilitoka tarehe 22 Julai 2023, majuma sita baada ya toleo kuu. Kwa nukta iliyokosewa, majuma sita si kitu. Kwa kitufe kile, ni muda mrefu.