Kipimo Huanzia Puani

Mchuma chai wa Kericho anajua kwamba jani halingoji. Likishindiliwa guniani hadi lipate joto, hugeuka jekundu, na kiwandani hakuna mtambo wa kulirudishia uzima. Sampuli ya kirusi cha njia ya hewa ina tabia hiyo hiyo.

Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, maabara ya taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na ile ya jeshi la Marekani, Walter Reed, mjini Kericho, iliyojengeka kwa utafiti wa VVU, ikawa miongoni mwa zilizopima Covid-19. Njia ya PCR inayohesabu VVU katika damu ndiyo inayotafuta korona. Vinavyobadilika ni vipande vifupi vya kijeni vinavyoiambia itafute nini. Mpangilio wa jeni za kirusi hicho ulitangazwa Januari 2020, na siku chache baadaye kundi la Christian Drosten, Berlin, likawa na kipimo, hata kabla ya kukipata kirusi chenyewe.

Katika PCR, maabara hupasua ganda la kirusi na kutoa RNA, kisha kimeng'enya huinakili kuwa DNA. Mashine huipasha moto na kuipoza, tena na tena, na kila mzunguko nakala huongezeka maradufu. Kwa hesabu, mizunguko 40 huifanya nakala moja ipite trilioni. Mwanga wa rangi maalumu ukijitokeza mapema, virusi vilikuwa vingi.

Lakini sifuri haizidishiki. Kijiti kikiishia mlangoni mwa pua, au barafu ikiyeyuka njiani kutoka Bomet kupitia Sotik na Litein, mgonjwa ataambiwa hana ilhali anacho. Ndiyo maana vipimo vingi hutafuta pia jeni ya binadamu katika sampuli hiyo hiyo. Isipoonekana, huenda kijiti hakikubeba kitu. Jibu halitolewi, na mtu huitwa tena.

Kipimo cha haraka cha antijeni, yaani kinachotafuta protini za kirusi, hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 30, pale pale zahanati. Hukosa baadhi ya wenye virusi vichache. Hata hivyo, kwa familia zinazobanana katika nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai, naona jibu la leo lina faida zaidi kuliko jibu kamili la PCR la keshokutwa.

Mhudumu akikuambia uinue kichwa, vumilia sekunde hizo chache kijiti kifike nyuma ya pua. Na ukiambiwa huna, kisha homa na kikohozi vikaendelea, rudi upimwe tena.