Kumfunza Muuguzi Kuisoma Kazi ya Mkono Wake

Saa nane za usiku, katika zahanati ya shamba, mkunga aliye peke yake zamuni, akiisha kumpokea mtoto na kumkata kitovu, akamwangalia mama isije damu ikamzidi, akaosha vyombo vyake na kuvichemsha, hukaa kitako mbele ya daftari pana lenye safu nyingi, ambalo nchini Tanzania kila mtumishi wa afya hulijua kwa jina la Kitabu cha 12 cha MTUHA, akalijaza kwa mwanga wa kurunzi: jina la mzazi, umri wake, mimba ni ya ngapi, saa ya kujifungua, uzito wa mtoto, dawa aliyopewa mama ya kuzuia damu. Kazi hii haichukui muda mrefu, na yeyote apitaye akamwona ameinama hivyo aweza kudhani kwamba uuguzi umekwisha na sasa umebaki ukarani tu. Kwa rai yangu dhana hiyo, iliyomo vichwani mwa watu wengi na hata mwa wauguzi wenyewe, ndiyo asili ya taabu kubwa inayoikabili elimu ya mifumo ya taarifa za tiba. Na kompyuta, ijapokuwa ni chombo cha ajabu, haikuiondoa dhana hiyo bali imeikuta na kuizidisha.

MTUHA ni kifupi cha Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioenezwa Tanzania katika miaka ya 1990, nao umejengwa juu ya vitabu: Kitabu cha 5 cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, cha 7 cha watoto, cha 12 cha wazazi, na vinginevyo. Mwezi ukiisha, mistari ya vitabu hujumlishwa, jumla ikaandikwa katika fomu ya ripoti, na ripoti ikapelekwa wilayani, ambako huingizwa katika programu iitwayo DHIS2. Programu hiyo asili yake ni Afrika Kusini, katika juhudi zilizoanza mara baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi, nayo hulelewa hadi leo na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya ilitangulia kuitandaza mtandaoni nchi nzima mwaka 2011, Tanzania ikafuata, na sasa yatumika katika nchi zaidi ya 70. Kwa hiyo mstari mmoja ulioandikwa kwa kurunzi usiku ule hufika mpaka mezani kwa waziri, ukiwa umeyeyuka ndani ya tarakimu kubwa ambayo kwayo huamuliwa chanjo ngapi zinunuliwe, na wakunga wangapi wapelekwe, na wapi.

Basi na tutazame jinsi kosa dogo linavyosafiri. Muuguzi akiacha nafasi tupu mahali pa kuandika idadi ya watoto waliofariki, je, maana yake ni kwamba hakufa hata mmoja, au kwamba hakuna aliyehesabu? Sifuri ni habari, nafasi tupu ni kimya. Lakini ajumlishaye kwa haraka huvifanya kitu kimoja, na kimya cha zahanati kumi huonekana wilayani kuwa ni heri. Kadhalika mtoto huanza chanjo ya Penta kwa dozi ya kwanza kabla ya kufikia ya tatu. Zahanati ikileta ripoti miezi mfululizo kwamba waliopata ya tatu wamewazidi waliopata ya kwanza, huenda ni watoto waliohamia kutoka mahali pengine, lakini aghalabu ni dozi iliyoandikwa katika safu isiyo yake. Na kuna ile ripoti ya kustaajabisha isemayo kwamba wilaya fulani imechanja asilimia 120 ya watoto wake, ambapo kasoro yaweza isiwe kwa mchanjaji hata kidogo, bali katika makadirio ya idadi ya watoto, yaliyotolewa katika sensa ya zamani na kupitwa na wakati. Programu yenyewe inaweza kuwekewa kanuni za kuhakiki, ikatoa onyo mambo kama haya yanapotokea. Lakini onyo ni la nani, ikiwa aliye mbele ya kioo hakufunzwa ila kubonyeza mpaka onyo liondoke?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mafunzo, kwa desturi tuliyoizoea, ni semina ya siku mbili au tatu mjini, ukumbini, mbali na wagonjwa: mkufunzi hutupa picha ukutani, akawaonyesha watu pa kubonyeza, wakaingiza wagonjwa wa kubuni wasio na homa wala jina la ukoo, wakapewa cheti na posho, wakarudi makwao. Aghalabu aliyekwenda ni mganga mfawidhi, kwa sababu ya cheo chake, ilhali anayejaza vitabu kila siku ni muuguzi aliyebaki kushika zahanati. Naye mfawidhi akirudi hana wasaa wa kumrithisha mwenziwe maarifa aliyoyapata. Sisemi kwamba semina ni mbaya, wala posho si dhambi kwa mtu aliyeacha nyumba yake. Nasema kwamba elimu ya chombo cha kazi, ikitengwa na kazi, huwa kama kumfundisha mtu kuogelea barazani.

Wala msomaji asidhani kwamba taabu hii ni ya nchi zenye upungufu peke yake. Mwezi wa Oktoba 2002 hospitali ya watoto ya mji wa Pittsburgh, Marekani, yenye mali na mabingwa, iliingiza kwa muda wa siku sita tu, hospitali nzima, mfumo wa kompyuta wa kuandikia maagizo ya daktari badala ya kalamu na karatasi. Watumishi walikuwa wamefunzwa kabla ya siku hiyo kufika. Lakini matabibu wa hospitali hiyo hiyo, walipoyachungua mambo kwa uadilifu na kuyatangaza mwaka 2005, walikuta kwamba miongoni mwa watoto mahututi walioletwa kutoka hospitali nyingine, waliofariki walipanda kutoka asilimia 2.80 hadi asilimia 6.57. Agizo moja la dawa, lililokuwa likiandikwa kwa mkono kwa sekunde chache, sasa lilitaka mabonyezo kama kumi na dakika moja au mbili. Maagizo hayakuweza kuingizwa mpaka mtoto afike na kusajiliwa, ilhali zamani dawa ziliagizwa naye angali njiani, zikamkuta tayari. Na muuguzi alilazimika kukiacha kitanda cha mgonjwa ili aende penye kompyuta. Mfumo ulifanya kila ulichoamriwa kufanya, na watu walijua pa kubonyeza. Ambacho hakikufunzwa wala kufikiriwa vya kutosha ni namna kazi yenyewe, yaani ile mikono minane juu ya mtoto mmoja, itakavyokwenda chini ya desturi mpya.

Muda si mrefu hospitali ya watoto ya Seattle ikaingiza programu ya mtengenezaji yule yule, lakini ikiwa imejifunza kwa yaliyowafika wenzao: watumishi wa wodi ya mahututi walishirikishwa katika matayarisho, na mafungu ya maagizo yanayohitajiwa kwa haraka yakaandaliwa mapema, ili daktari asianze kutafuta neno moja moja ilhali roho inapigania kutoka. Taarifa yao, iliyotoka mwaka 2006, ilisema kwamba vifo havikuongezeka. Vilikuwa asilimia 4.22 kabla, vikawa asilimia 3.46 baada, tofauti ndogo ambayo wao wenyewe hawakudai kuwa ni ushindi. Mfumo ulikuwa mmoja, lakini matayarisho yalikuwa mawili, na mimi siwezi kuzisoma taarifa hizi mbili pamoja nisiwafikirie wale wanaopanga siku ya kuzindua mfumo, yenye hotuba na utepe wa kukatwa, kabla hawajapanga mwezi wa kumkalia muuguzi ubavuni akifanya kazi.

Hata hivyo mfano ninaoupenda kuliko yote hauko ng'ambo, uko Unguja na Pemba. Kuanzia mwaka 2005 Wizara ya Afya ya Zanzibar, ikisaidiana na Chuo Kikuu cha Oslo, iliutengeneza upya mfumo wake wa taarifa, na badala ya kuridhika na mafunzo ya programu, ikaanzisha warsha za kila robo mwaka ambazo mada yake ilikuwa moja tu: takwimu za washiriki wenyewe. Watumishi wa wilaya, na wale wa miradi mbalimbali ya afya, walikuja na hesabu za kwao, wakasimama mbele ya wenzao, wakazieleza, nao wenzao wakazitia katika mizani na kuwauliza. Mtu aelewaye desturi za visiwani atatambua mara moja nguvu ya jambo hili. Mkaguzi kutoka juu akikuambia hesabu yako ina kasoro, unaweza kuinamisha kichwa, ukasema ndiyo bwana, ukaenda zako. Lakini mwenzako wa wilaya ya jirani, anayefanya kazi ile ile kwa mshahara ule ule, akikuuliza kwa upole na mbele ya watu imekuwaje wazazi wako waliojifungulia hospitali wamepungua nusu katika mwezi mmoja, huna budi kurudi kulifungua daftari. Ni ile adabu ya barazani, ya kusema na kujibiwa, iliyogeuzwa kuwa njia ya kuhakiki takwimu.

Na tazama yaliyofuata. Watu walipoanza kuzisoma hesabu zao, ndipo walipoona kwamba fomu zenyewe zilikuwa na kasoro: jambo moja likiulizwa katika fomu mbili za miradi miwili, na mengine mengi yakikusanywa ambayo hayakuwa na mwenye kuyatumia. Fomu zikapunguzwa na kusahihishwa. Programu nayo ikarekebishwa kufuata mahitaji yaliyotoka kwenye warsha, na ubora wa takwimu ukapanda, kama ilivyoelezwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 2012. Kwa maneno mengine, mwanafunzi alipopewa haki ya kuuliza, alimfunza mwalimu. Muuguzi aliyeiona fomu ikifutwa kwa sababu yeye na wenziwe waliithibitisha kuwa haina faida, huijaza iliyobaki kwa moyo mwingine kabisa. Hajioni tena kuwa ni karani wa watu asiowajua. Na ule ugonjwa mkubwa ambao watumishi wenyewe huuita kupika takwimu, yaani kukaa mwisho wa mwezi na kubuni hesabu ili ripoti iondoke, hupungua bila vitisho, maana hakuna apikaye chakula atakachokula mwenyewe kwa viungo vya uongo.

Faida ambayo mtumishi huiona mwenyewe papo kwa papo ndiyo iliyofanya kazi pia Mosoriot, kituo cha afya cha mashambani karibu na Eldoret, Kenya, ambako mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana viliweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta mbili zilizounganishwa, pamoja na betri za nguvu ya jua kwa ajili ya umeme unaokatika. Baadaye ilipimwa ikaonekana kwamba muda wa mgonjwa kukaa kituoni umepungua kwa asilimia 22. Foleni ikipungua, muuguzi hahitaji mhubiri wa kumsifia mfumo.

Kuna sehemu moja ya mafunzo haya ambayo hupitiwa kwa sentensi mbili, nayo ni ya amana. Kila anayeingia katika mfumo ana neno la siri lake, na mfumo huandika kimya kimya nani kafungua jalada la nani, na saa ngapi. Zamu nzima ikitumia neno la siri la mtu mmoja, kwa sababu yake ndilo linalokumbukwa, basi likivuja jambo la mgonjwa haitajulikana aliyelivujisha, na mwenye neno ndiye atakayeulizwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Lakini kabla ya sheria hizo waganga na wakunga wetu walikuwa na siri ya chumbani, ambayo mama hakuhitaji kuisisitiza. Mkufunzi angefanya vyema kuanzia hapo, kwenye hifadhi ya siri wanayoiheshimu tayari, akaonyesha kwamba kioo cha kompyuta kilichoachwa wazi kuelekea benchi la wagonjwa ni sawasawa na mlango wa chumba cha uchunguzi ulioachwa wazi.

Tatizo lililobaki ni la uhamisho. Mtumishi akiisha kuzoea, huhamishwa. Mahali pake huja kijana kutoka chuoni, aliyefaulu mitihani yake na asiyewahi kuona ripoti ya mwezi. Usimamizi elekezi kutoka wilayani huja kwa nadra, na gari likikosa mafuta hauji kabisa. Kwa hiyo mafunzo kazini hayana budi kuwa ndani ya zahanati, kati ya mtu na mtu, na kwa maoni yangu yanaweza kuanza bila mashine yoyote. Mgeni apewe Kitabu cha 12 cha mwezi uliopita, na karatasi tupu, na nakala ya ripoti iliyokwisha kupelekwa ikiwa imefunikwa; ahesabu mwenyewe mstari kwa mstari, wangapi walijifungua, wangapi walizaliwa na uzito pungufu, wangapi walipewa rufaa; kisha ripoti ifunuliwe. Hesabu zikihitilafiana, yeye na mwenyeji wake wakae pamoja watafute hesabu ilipopotea, kama ni katika kujumlisha au katika kuandika, na wakiipata watume wilayani ripoti iliyosahihishwa. Hapo ndipo akabidhiwe neno la siri lake na kuonyeshwa kompyuta inawashwa wapi.