TUTAZAME NYAYO ZETU

Ndugu Wanachama,

Baadhi yetu twaishi na kisukari cha aina ya pili, na yafaa tuambizane tuliyojifunza.

Sote twajua kuwa karafuu hulitia ganzi jino bovu. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, nayo hutia ganzi, lakini miguuni. Mwenzetu mmoja, msimu uliopita, alichomwa na kijiti akitoka kuchuma, hakusikia lolote. Siku ya tatu mkewe ndiye aliyeona doa la damu juu ya jamvi. Alhamdulillahi mguu umepona, lakini kidole kimoja hakipo.

Basi tushike haya. Shambani tusiende peku. Tukishuka mtini, tuvae viatu, na kwanza tuvikung'ute. Kila usiku tutazame nyayo na baina ya vidole; asiyeona vyema atazamiwe na mtoto. Maji ya moto tuyapime kwa kiwiko, si kwa mguu. Kidonda hata kikiwa kidogo, twende hospitali siku ile ile. Wala tusiache dawa tukategemea chai ya karafuu.

Msimu ukipita huja mwingine. Mguu ukikatwa haurudi.

Wassalaam.