Kusasisha au kuziba ufa? Neno linavyoiponza kompyuta kuukuu

NILIPITA Kianda, pale Kibera, mwezi jana kumjulia hali jamaa yangu. Kwa kuwa nilihitaji kuchapisha barua, alinielekeza kwenye saiba iliyo karibu na kwake. Chumba kidogo, kompyuta tatu, printa moja, na vijana kwenye benchi wakisubiri zamu: huyu anataka PIN ya KRA, yule anajaza fomu ya mkopo wa HELB, mama mmoja ana shughuli yake ya eCitizen. Kompyuta niliyopewa ilinikaribisha kwa ujumbe wa Windows ukilalamika kwamba haijasasishwa kwa miezi mingi. Nikamuuliza mwenye saiba mbona hairuhusu.

“Prof, hiyo maneno ya kuapdeti inakula bando bure,” akanijibu. “Na hii mashine bado iko fiti. Mambo mapya ya nini?”

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kijana yule si mzembe. Ametumia mantiki safi kabisa kulingana na neno alilopewa, na kosa liko kwenye neno lenyewe.

Tulitazame. Kitenzi “sasisha” kimeundwa kwa kielezi “sasa” na kiambishi cha usababishi. Ni mtindo ule ule uliotupa “safisha” kutokana na “safi”, “fupisha” kutokana na “fupi” na “sahihisha” kutokana na “sahihi”. Kusafisha ni kukifanya kitu kiwe safi. Kusasisha ni kukifanya kiwe cha sasa. Jirani zetu wa Tanzania hutumia pia “huisha”, yaani kutia uhai upya. Maneno yote mawili yanafaa sana kwa taarifa. Ukibadilisha nambari yako ya simu benki, umesasisha taarifa zako. Hata hivyo, yote mawili humwambia msikilizaji kwamba kinachotafutwa ni upya. Na mtu mwenye kompyuta kuukuu, anayelipia kila megabaiti, ana haki ya kuuliza: mimi na upya wapi na wapi? (Kitufe cha “Sasisha sasa” kina “sasa” mbili na bado hakielezi sababu. Nakiri nami nilikuwa nikikiahirisha kila siku ofisini.)

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kinacholetwa na Windows kila mwezi si pambo wala mtindo mpya. Ni matengenezo ya kasoro ambazo zilikuwemo tangu programu ilipoandikwa na ambazo zimegunduliwa baadaye. Wahandisi wenyewe hawazungumzii upya. Huzungumzia kiraka, kile kile cha fundi cherehani. Neno hilo waliliazima kwa maana halisi: enzi ambapo kompyuta zililishwa maagizo kwa karatasi zenye matundu, tundu lililotobolewa kimakosa lilifunikwa kwa kubandika kipande cha karatasi juu yake. Kasoro yenyewe nasi tuna jina lake, tena limo katika methali ambayo kila mtoto wa darasa la nne anaijua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa, kuziba, kiraka. Msamiati mzima tunao, na bado tulipotafsiri tulichagua neno la kalenda.

Sisemi haya kuwabeza watafsiri. Kazi ilikuwa kubwa. Mwaka 2004 Microsoft ilitangaza mpango wa kuleta programu zake kwa Kiswahili, na mwaka huo huo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili na isiyodai malipo. Walihitaji maelfu ya istilahi kwa wakati mmoja, nasi wasomi tulikuwa bado tunabishana kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Katika haraka hiyo “sasisha” likabeba mizigo miwili: kubadilisha taarifa zilizopitwa na wakati, na kuziba nyufa za usalama.

Mzigo wa pili ni mzito kiasi gani? Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha ufa mmoja katika sehemu ya Windows inayoziwezesha kompyuta kushirikiana mafaili kwenye mtandao. Ijumaa ya tarehe 12 Mei mwaka huo, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ikapenya kupitia ufa huo huo. Haikuhitaji mtu kubofya chochote. Iliruka yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, ikifunga mafaili na kudai fidia ya dola 300. Ilifikia zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zisizopungua 150, na hospitali za umma Uingereza zikafuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba kiliwapata wenye Windows XP tu, kompyuta za kale. Sivyo. Idadi kubwa mno ya waliopatwa walikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa ikitolewa viraka. Kiraka kilikuwepo, bure, kwa karibu miezi miwili. Hakikubandikwa.

Kuna jambo lingine ambalo “sasisha” halilidokezi kabisa. Viraka vya Windows hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi; kwa saa zetu ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira ya Marekani. Kuanzia usiku huo, wahalifu nao huvichukua na kuvilinganisha na programu ya zamani ili waone ni wapi palipozibwa. Kiraka kinapotangazwa, basi, kinamwonyesha mwizi ulipo ufa kwenye nyumba ya asiyeziba. Ndiyo maana kompyuta iliyoachwa nyuma haibaki salama kama ilivyokuwa. Hatari yake huongezeka kila mwezi, ingawa haijaguswa na “bado iko fiti”.

Hapo ndipo linaposimama suala la Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea viraka vya bure. Nimewasikia watu wakisema “imekufa”, wengine “imeekspaya”, kama maziwa. Haijafa, itawaka kesho na mwaka ujao. Ila sehemu nyingi za Windows 11 zimejengwa juu ya msingi ule ule wa Windows 10, kwa hivyo ufa ukizibwa kule huenda upo na huku, na sasa umeshaonyeshwa.

Vipo vinavyosaidia. Kingavirusi ya Defender iliyomo ndani ya Windows 10 itaendelea kupokea orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028. Lakini kingavirusi ni soja langoni mwenye picha za wezi wanaojulikana. Si fundi wa ukuta. Kwa kompyuta ya nyumbani upo mpango wa viraka vya nyongeza, uliotangazwa kudumu hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Hulipiwa dola 30, au hupatikana bila pesa kwa anayekubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwenye akaunti yake ya Microsoft. Sharti kompyuta iwe na toleo la mwisho la Windows 10, lenye alama 22H2. Biashara hutozwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka. Saiba ni biashara. Kuhamia Windows 11 nako kunadai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni. Mashine nyingi za mtumba zinazoingia mitaani mwetu hazina. Kwa hizo naona Linux ndiyo njia ya heshima: haina malipo, inapata viraka, na mteja wa KRA anachohitaji ni kisakuzi tu.

Windows 7 yenyewe iliachwa tarehe 14 Januari 2020, na tangu Februari 2023 hata kisakuzi cha Chrome hakitolewi matoleo mapya kwa ajili yake. Hiyo isiingizwe kwenye intaneti. Vilevile ile Windows ya “kreki” inayouzwa kwa bei ya soda. Ajabu ya lugha: neno hilo kwa Kiingereza maana yake ni ufa, na muuzaji analitaja waziwazi.

Narudi Kianda, maana hoja ya bando haikuwa ya kupuuzwa. Kijana alikuwa ameiambia Windows kwamba intaneti yake ni ya kupimwa, ndipo ikakoma kupakua. Alifanya hivyo baada ya kompyuta kujizima na kujiwasha katikati ya fomu ya mteja. Yote mawili yana dawa ndani ya mipangilio. Unaweza kuweka saa za kazi, hadi saa 18 kwa siku, ambazo Windows haitajiwasha upya. Unaweza pia kuruhusu kompyuta moja ipakue viraka kisha igawie wenzake wa chumba kimoja, ili bando lisiliwe mara mbili. Kizuizi cha kupimwa huondolewa usiku mmoja kwa mwezi, saiba ikiwa imefungwa, kisha hurudishwa.

Nilipofungua folda ya mafaili yaliyopakuliwa, nilinyamaza kidogo. Mlikuwa na vitambulisho vilivyopigwa picha pande zote mbili, vyeti vya PIN, matokeo ya mtihani, barua za chifu. Wateja wa miezi kadhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na haibagui mwenye jumba la ghorofa na mwenye kibanda. Tulizifuta pamoja. Tukaondoa pia nywila zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye kisakuzi, na tukawafungulia wateja akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu.

Wenzangu wa taaluma watanipinga kuhusu “kiraka”. Watasema linanuka umaskini, kwamba nguo ya viraka ni aibu, na wapenzi wa kandanda tayari wamelitwaa kwa mchezaji anayecheza nafasi yoyote. Najibu kwamba mchezaji huyo ndiye kocha humtafuta pengo linapotokea. Na “sasisha” silifukuzi; libaki kwa taarifa, kwa sajili ya wapigakura, kwa orodha ya simu. Kwenye usalama, ujumbe ungesomeka hivi: “Kuna ufa. Bandika kiraka.”

Nilimjaribia kijana maneno hayo. Akauliza, “Kumbe ni kuziba? Mbona hawasemi hivyo?” Wiki mbili baadaye jamaa yangu alinipigia simu kunieleza kwamba kompyuta mbili za Windows 10 zilipewa viraka vyote zilivyokuwa zimekosa hadi Oktoba, na moja imewekewa Linux kwa majaribio, wateja wameuliza tu mbona rangi imebadilika. Ile ya tatu, ya Windows 7, imechomolewa waya wa intaneti. Inachapa barua na mialiko ya harusi, na mafaili huletewa kwa flashi ambayo hupimwa kwanza kwenye mashine nyingine.