Ufa Baina ya Maada Mbili: Zaidi ya Methali

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ni ya kweli, ila haielezi ufa huo uzibwe kwa kitu gani. Swali hilo ndilo hushughulikiwa na tawi la uhandisi linalochunguza nyufa zinazozuka pale ambapo maada mbili za asili tofauti huungana.

Mnamo mwaka wa 1921, mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alibainisha kwamba ufa hupanuka iwapo nishati inayotolewa na upanuzi huo inatosha kulipia gharama ya kuunda nyuso mpya. Katika maada moja, kama vile kioo, ufa huelekea kufuata njia ambamo kingo zake huvutwa kutengana tu. Mpakani mambo ni mengine. Kila upande hunyumbuka kwa kiwango chake. Hivyo basi, hata maada hizo zikivutwa wima, kingo za ufa hutengana na papo hapo huteleza. Mwaka wa 1959, Mmarekani M. L. Williams alionyesha kihisabati kuwa mkazo ulio karibu na ncha ya ufa wa aina hii hugeuka mara kwa mara, toka mvuto hadi mgandamizo, kadiri ncha inavyokaribiwa. Kwa sababu hiyo, uimara wa kiungo hauelezeki kwa tarakimu moja; hutegemea uwiano wa kuvutwa na kuteleza.

Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2001, ni mfano mwafaka. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa ni laini na hupitisha unyevu; saruji ni ngumu na huuzuia. Plasta ya saruji ikipigwa juu ya ukuta huo, tabaka hizo mbili hazinyumbuki pamoja, nayo chumvi hukusanyika nyuma yake. Ufa huanza mpakani, kwa siri, hadi plasta ibanduke pamoja na sehemu ya jiwe lenyewe.

Ni bayana, basi, kwamba fundi mwenye busara huuliza kwanza ukuta uliumbwa kwa nini, kisha huuziba kwa chokaa mwenziwe. Methali yahimiza hima; sayansi yaongeza ulinganifu. Anayeziba ufa kwa kitu kisichoafikiana na ukuta, huenda akaujenga ukuta ule ule aliokusudia kuuokoa.