Miwani ya Kwanza na Kuchambua Karafuu

Wengi wetu tumewaona wazee wetu wakati wa kuchambua. Mtu hukamata kishada cha karafuu, huunyosha mkono hata mwisho, akarudisha kichwa nyuma, kisha huanza kuilaumu taa. Taa haina kosa. Mtu akishapita miaka 40 hivi, ile lenzi iliyo ndani ya jicho, iliyokuwa laini utotoni, huwa ngumu, wala haiwezi tena kubadili umbo lake vizuri ili kuona kitu cha karibu. Si maradhi wala si uchawi. Humpata kila mtu, mwenye mikarafuu mia na mwenye mitatu.

Lakini hasara yake ni ya fedha. Makonyo yakisalia katika karafuu kavu, daraja hushuka, na bei hushuka pamoja nayo. Tena asiyeweza kusoma stakabadhi ya mzani hana budi kuamini analosomewa.

Huko Assam, katika nchi ya India, wachuma chai wa miaka 40 na zaidi waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa miwani ya karibu, la pili likangoja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: wenye miwani waliwapita wenzao kwa kiasi cha asilimia 22 katika uchumaji. Chai si karafuu, ni kweli, lakini vidole na macho ni vile vile.

Basi ukienda kupimwa, utaketishwa mita 6 mbali na ubao wa herufi, ufunike jicho moja, usome kwa la pili. Asiyejua kusoma asiogope. Upo ubao wenye alama moja tu kama uma wa meno matatu, imegeuzwa huku na huku. Kazi yako ni kuonyesha kwa mkono meno yaelekea wapi. Usichungulie kati ya vidole ili kumfurahisha mpimaji. Jicho linalodanganya hupewa miwani ya uongo. Baadaye utavishwa lenzi moja baada ya nyingine, uulizwe ipi bora. Ukiona zote sawa, sema sawa. Nasi twashauri uchukue mfukoni karafuu kidogo na makonyo yake, umwonyeshe mpimaji umbali unaoshikia kazi yako, kwa maana afanyaye kazi mkekani hashiki vitu umbali ule ule wa msoma kitabu.

Miwani iliyo tayari ya dukani huwafaa wengi kwa kazi ya karibu, lakini lenzi zake mbili zina nguvu moja, na macho ya mtu mara nyingi hayalingani. Tena muuza duka haangalii ndani ya jicho. Presha ya jicho huiba uoni polepole bila maumivu, na kilichokwisha kuibwa hakirudi; mtoto wa jicho naye haondolewi kwa miwani bali kwa kupasuliwa. Hayo huonwa na mganga wa macho, kama wale wa hospitali ya Mnazi Mmoja. Dawa za majani za kutia jichoni ziacheni kabisa.

Wapo wasemao kwamba miwani hulegeza macho. Si kweli. Lenzi ya jicho huendelea kuwa ngumu, uvae usivae, na ndiyo maana baada ya miaka michache huhitaji miwani yenye nguvu zaidi.

Jambo moja la hatari: miwani ya karibu ivueni kabla ya kupanda mkarafuu. Hutia ukungu katika vitu vya mbali, na tawi la chini huonekana silo lilipo. Ifungeni kwa uzi shingoni mkiwa mkekani. Vumbi la karafuu likiingia, msifute kwa pindo la kanga, maana vumbi kavu huchora kioo. Oshini kwa maji na sabuni kidogo, kisha ndipo mkaushe kwa kitambaa laini.